Kuhakiki Muhtasari wa Hadithi za Sinema: Maoni kutoka Mbeya

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuzipima kazi zilizokwisha kamilika: diwani, riwaya na tamthilia. Yako maandishi mengine mafupi ambayo hayajatazamwa sana, nayo ni muhtasari wa hadithi ya sinema: maneno hamsini au mia ambayo mtungaji humpelekea mwenye kamera, au mwenye fedha, ili aamue kama hadithi hiyo yastahili kupigwa picha. Kitabu kibaya kikishutumiwa, kitabu hubaki, na msomaji aweza kumpinga mhakiki. Muhtasari ukishutumiwa vibaya, hadithi yenyewe hufa kabla ya kuzaliwa, na hakuna wa kuitetea. Kwa hiyo neno la mhakiki ni zito zaidi hapa kuliko penginepo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika mji wa Mbeya kijana mmoja alinipa muhtasari ambao kwa ufupi ulikuwa hivi. Babu mmoja wa Rungwe alikwenda Wenela katika ujana wake, akarudi na sanduku la bati ambalo hakulifungua kamwe mbele ya mtu. Babu anakufa. Mjukuu anapata ufunguo. Bibi anamkataza, lakini mjukuu analifungua. Wasomaji wasioijua nchi ya kusini wafahamu ya kuwa Wenela ni jina ambalo watu walilipa shirika lililowaandika kazi katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, safari iliyokomeshwa baada ya Uhuru wa Tanganyika wa 1961.

Nilimjibu kwa mambo matatu: kwamba funzo halionekani, kwamba mapenzi hayamo, na kwamba watazamaji wengi wako Dar es Salaam, basi yafaa hadithi ihamie huko. Kijana alikuwa mtiifu. Alirudi na muhtasari wa pili: mjukuu anaishi katika jumba kubwa la pwani, sanduku limejaa fedha, mchumba anaziiba, na mwishowe mjukuu anajifunza kuwaheshimu wazee. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha kwanza, na hadithi ilikuwa imekufa. Yeye hakukosa, aliyekosa ni mimi.

Na tuyatazame mashauri hayo moja moja. Desturi ya kudai funzo katika kila picha ina historia yake. Jaribio la sinema za elimu lililofanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, lilitoa picha za kuwafundisha watu kuweka akiba katika Posta na kujikinga na safura. Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, nayo ilitumia sinema kueleza siasa ya taifa. Silaumu kazi hizo, maana zilikuwa na makusudi yake. Lakini kwa njia hiyo tumerithi fikira kwamba funzo ndilo mzizi wa hadithi, hali katika ngano zetu wenyewe funzo hutajwa mwishoni, baada ya msikilizaji kwisha kuona ni nani aliyetaka nini, na nani aliyemzuia. Kumdai mtungaji funzo katika maneno mia ni kumtaka avune kabla ya kupanda.

Shauri la mapenzi halihitaji maneno mengi. Muhtasari wa kwanza ulikuwa nayo tayari: mapenzi ya bibi kwa mume aliyemwacha miaka mingi akaenda kuchimba dhahabu ya watu wengine. Sikuyaona kwa sababu nilitafuta mchumba.

Shauri la mahali ndilo lililodhuru zaidi. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Haikuondolewa Unguja ya zamani za Waingereza ili ipendwe ng'ambo. Sanduku lile la bati lina maana Rungwe, ambako wazee wengi walikwenda migodini na ambako kila jirani anajua Wenela ni nini. Likihamishiwa katika jumba la pwani huwa sanduku tu, na mtungaji hulazimika kulijaza fedha ili watu walitazame.

Sasa tuje kwenye lugha, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoweza kumsaidia mtungaji. Kwanza, mihtasari mingi huandikwa kwa majina yasiyoshikika: ushujaa, usaliti, harakati, umuhimu. Mtu aandikapo, "Sinema hii inahusu ushujaa wa Mkwawa," hajasema lolote litakaloonekana machoni. Lakini mambo yenyewe yamejaa vitendo. Mkwawa alijiua 1898 ili asikamatwe; Wajerumani wakamkata kichwa; Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaiamuru Ujerumani irudishe fuvu; halikurudi Kalenga hata 1954. Hapo kila kitenzi ni picha, tena mtazamaji anauliza mwenyewe: kwa nini miaka thelathini na mitano?

Pili, yafaa tuiangalie silabi -ka-. Kwayo Kiswahili hufuatanisha vitendo kwa wepesi sana: babu akafa, mjukuu akapata ufunguo, akalifungua sanduku. Wepesi huo ni neema na ni mtego pia, maana -ka- hueleza kwamba jambo hili lilifuata lile, wala halielezi kwamba lile ndilo lililolizaa. Mhakiki na ajaribu kutia kati ya vitenzi hivyo maneno "kwa sababu hiyo" au "hata hivyo". Palipo na "bibi alimkataza, hata hivyo akalifungua", hadithi inasimama. Pale ambapo hakuna neno lo lote kati ya hayo linaloingia, mtungaji ameorodhesha matukio, na hapo ndipo pa kumwonyesha kwa kidole.

Kwa kadiri ya nionavyo sasa, ningalimrudishia kijana yule maswali, si mashauri. Ni nani hasa asiyetaka sanduku lifunguliwe, na anaogopa nini? Mjukuu atapoteza nini akiliacha limefungwa? Mtazamaji ataona nini siku litakapofunguliwa? Shauri huleta hadithi ya mhakiki. Swali humrudisha mtungaji katika hadithi yake. Huenda majibu yake yasingalinipendeza, na hilo si kitu, maadamu ni yake.

Nilimwomba baadaye aniletee tena muhtasari wa kwanza. Alisema karatasi ameitupa, na kwamba siku hizi hatungi. Nimeuandika humu kama nilivyoukumbuka, bila jina lake, ili wenzangu wanaofundisha fasihi wapate kuupima pamoja na majibu yangu matatu, na wenye maoni mengine wayalete.