Wajina wa Visiwani: Mohamed Yupi Unayemhakiki?

Naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulipewa swali juu ya nafasi ya mwanamke katika riwaya za Zanzibar. Nikamwaga wino kurasa saba, nikisifu jinsi "Mohamed" alivyopevuka kifani na kimaudhui kutoka Nyota ya Rehema (1976) hadi Utengano (1980). Miaka minne tu, bwana, na mtu keshatoka kwenye machungu ya ukoo akaingia kwenye siasa za tabaka! Mwalimu hakuandika mengi. Alilizungushia jina duara, na pembeni akauliza: "Yupi?" Alama nilizopata sizisemi hapa.

Kumbe riwaya ya kwanza ni ya Mohamed Suleiman Mohamed na ya pili ni ya Said Ahmed Mohamed. Watu wawili, kalamu mbili. Na hapo hatujamgusa mkubwa wao, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki 1991, baba wa Bwana Msa mwenye kiko chake. Huyu naye jina lake la kwanza ni Muhammed, na Said ni wa kati. Mtu ukiwa na haraka, na mwanafunzi wa usiku wa kuamkia mtihani ana haraka siku zote, majina haya yanakuwa kama karata zilizochanganywa: M. S. A., M. S. M., S. A. M. Wajina, au masomo kama wengine tunavyosema, na kweli somo wamelitoa.

Tatizo halianzii kwa mwanafunzi. Linaanzia kwenye kanuni tuliyofundishwa ya kuandika marejeo: jina la mwisho litangulie, kisha koma, kisha herufi. Kanuni hiyo ilitungwa na watu wenye majina ya ukoo. Kwetu Said Ahmed Mohamed maana yake ni Said, mwana wa Ahmed, mwana wa Mohamed. Basi ukiandika "Mohamed (1980) anaonyesha kwamba..." umempa babu kazi ya mjukuu! Babu wa watu kajipumzikia, sisi tunamsingizia riwaya. Muhammed Said Abdulla naye tunamwita "Abdulla" kwenye insha zetu, wakati wasomaji wake wa mtaani wala hawashughuliki na hilo. Wao wanasema "vile vitabu vya Bwana Msa", na hawakosei hata siku moja.

Lakini mbona mimi niliweza kuziunganisha riwaya mbili bila kushtuka? Nimelifikiria sana hili. Jina lilichangia, ila hadithi zenyewe nazo zinafanana kwa juu juu. Katika zote mbili yupo baba mwenye mali, na yupo binti anayeikimbia nyumba ya baba huyo na kuangukia kwenye maisha magumu ya mjini. Nikaona ni mwandishi mmoja anarudia wimbo wake. Sasa soma tena polepole. Rehema anateseka kwa sababu Fuad, baba yake, hataki kumhesabu mtoto. Rangi ya ngozi yake inamtia baba mashaka, na mashaka hayo yanamnyima mtoto mapenzi, nafasi, na baadaye hata uhakika wa kipande cha ardhi. Maimuna wa Utengano anateseka kwa kinyume chake. Maksuudi anamhesabu mno. Anamfungia ndani kama mtu anavyofungia mali, hata dunia ya nje anaisikia tu. Mmoja ametupwa, mwingine amefichwa. Tukiwapanga wote chini ya "ukandamizwaji wa mwanamke", kama nilivyofanya mimi na kama yanavyofanya maandalio mengi ya mitihani, tunapoteza kile hasa ambacho kila mwandishi amekuja nacho.

Na tofauti hiyo inakwenda hadi kwenye mkono wa uandishi. Mohamed Suleiman ni mtu wa kukaa ndani ya moyo wa mhusika. Tangu Kiu (1972) anafuata tamaa inavyomla binadamu kidogo kidogo, na hana haraka ya kumhukumu. Said Ahmed, hasa yule wa Utengano na Dunia Mti Mkavu, zote za 1980, anatazama nyumba nzima: nani ana madaraka, ameyapataje, nani atalipa. Kazija anapomlipizia Maksuudi kisasi, tunaona mfumo unatikiswa, hatuoni ugomvi wa watu wawili tu. Kwa maoni yangu Mohamed Suleiman anaumiza zaidi, na Said anafikirisha zaidi. Wapo watakaonipinga, na waje. Ila tusibishane huku kila mmoja akimtaja "Mohamed", maana tutakuwa mabubu wawili kwenye kiza.

Muhammed Said Abdulla yeye yuko mbali na wote wawili. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960, kwake uovu ni fumbo. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanatetemeka kwa kuamini mizimu, Bwana Msa anavuta kiko, anauliza maswali, na mwisho tunajua. Kwa wale wawili kumjua mkosaji hakutuponyi. Fuad tunamjua toka mwanzo, na inasaidia nini?

Nimemtaja Fuad, basi niseme na hili. Yuko Fuad wa Nyota ya Rehema, na yuko Mwinyi Fuad wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Wote ni wenye mashamba. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba ni mhusika yule yule "kahamishwa kitabu". Hapana. Na mwandishi wa Kasri anatuletea mkasa wa upande wa pili: Adam Shafi, Adam Shafi Adam na Shafi Adam Shafi ni mtu mmoja! Kule majina yanafanana watu mbalimbali. Huku mtu ni huyo huyo majina yanacheza.

Mkasa huo wa pili unamhusu Said pia, na ndipo penye hatari kubwa kwa mhakiki. Katika makala zake nyingi za kitaaluma yeye hutumia jina Said A. M. Khamis. Hivyo kwenye orodha ya marejeo riwaya ziko chini ya M, makala ziko chini ya K. Niliwahi kuona insha ya mwenzetu ikitamka kwamba hoja ya Mohamed kuhusu riwaya mpya "inaungwa mkono na Khamis". Ebo! Mtu anajiunga mkono mwenyewe, sisi tunahesabu mashahidi wawili. Mahakamani kesi ingefutwa.

Wakubwa wetu wa nadharia watasema jina la mwandishi si kitu, tazama matini. Sawa, kwa matini moja inawezekana. Lakini ukisema "anaendeleza", "amebadilika", "anarudia dhamira yake", tayari umemwingiza mtu ndani ya hoja. Ungependa kujua ni mtu gani.

Mimi siku hizi naandika majina yote matatu, hata kama yananila mstari mzima, na nikifupisha nasema Said, Mohamed Suleiman, Muhammed Said. Kuna mwalimu analalamika kwamba si utaratibu. Juzi nikamwonyesha Kamusi ya Visawe, iliyotoka 1998. Jaladani wako wawili, Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed. Huyo wa pili ni Said wetu wa Utengano. Nikamwuliza kama huyo wa kwanza ndiye wa Nyota ya Rehema. Akaliangalia jalada, akaniangalia mimi, akasema atanijibu baada ya kipindi. Siye, lakini nimemwacha alitafute mwenyewe.