Bia Yangu, ya Nani?

Siku ile ya Desemba 2025 habari zilipotoka kwamba Diageo ya Uingereza imekubali kuwauzia Asahi wa Japani hisa zake zote za East African Breweries, asilimia 65, kwa takriban dola bilioni 2.3, nilimkuta Anko kwenye kona yake ya kawaida, baa moja ndogo ya Jericho. Nikampa simu asome mwenyewe. Akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasoma polepole mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Bei inapanda?"

Nikamwambia hawajasema. Akanirudishia simu, akaendelea na magi yake ya keg.

Meza ya pili ilikuwa matanga. Wametuuza. Tena wametuuza bila kutuuliza. Jamaa mmoja aliapa kwamba Tusker hataionja tena, kuanzia kesho (ya leo alikuwa ameshalipia). Mwenzake akamuuliza atahamia wapi. Jamaa akafikiri, akataja Pilsner, wakamcheka. Akataja White Cap, wakamcheka zaidi. Zote zinatoka kwa mwenye nyumba huyo huyo.

Nimeendelea kuifikiria meza ile. Mtu haombolezi kitu ambacho hakuwahi kuamini ni chake, na wale wasee walikuwa wanaamini. Waliamini kwa sababu waliambiwa, kwa maneno manne, miaka na miaka, kwenye mabango, kwenye runinga, kwenye fulana: Bia yangu, nchi yangu. Sisi tunaopenda kuchambua mashairi na riwaya humu huwa tunayaruka maandishi kama hayo. Ni kosa. Sidhani kuna mstari wa Kiswahili uliokaa vichwani mwa walevi na wasio walevi wa nchi hii kama huo, basi wacha tuusome kama tunavyosoma kazi nyingine yoyote.

Anza na neno "yangu". Kiswahili hakiulizi hati ya kumiliki. Nikisema matatu yangu imeniacha, hakuna anayedhani nina matatu. Mpangaji wa Umoja aliyelipa kodi miaka ishirini anasema "nyumba yangu" bila kupepesa, na mwenye nyumba hamkosoi. Daktari wangu, kinyozi wangu, timu yangu. Kimilikishi chetu ni cha mazoea: kitu ninachokirudia, kinachonijua, ambacho bila hicho siku yangu haikamiliki. Kwa maana hiyo "bia yangu" ni kauli ya kweli kabisa. Anko anaweza kuisema akiwa na haki zote.

Ujanja uko kwenye mkato. Baada ya mkato inakuja "nchi yangu", na huo ni umilikishi wa aina nyingine. Nchi ni yangu kwa kuzaliwa. Watu waliingia msituni kwa ajili ya hilo neno, wengine hawakutoka. Mstari unaweka hayo maneno mawili ubavu kwa ubavu, bila kitenzi, bila kusema hii ni ile, na ulimi wako wenyewe unamalizia kazi. "Yangu" ya pili inaiazima "yangu" ya kwanza damu yake. Ukifika katikati ya chupa hujui tena unapenda ipi. Kama ufundi wa lugha, nawavulia kofia. Kama ukweli, ni mkopo ambao haujawahi kulipwa, na wale wa meza ya pili ndio walioletewa bili.

Maana ukifuatilia lini hasa bia hiyo ilikuwa yetu, tarehe inakosekana. Kenya Breweries ilisajiliwa Desemba 1922 na ndugu wa Hurst, walowezi, na kreti kumi za kwanza zikapelekwa hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George Hurst akauawa na ndovu akiwa mawindoni, bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe. (Mimi kwa kweli napenda kwamba kwenye lebo aliyewekwa ni ndovu, sio Hurst. Ni ushindi mdogo lakini ni ushindi.) Kwa miaka mingine zaidi ya ishirini, Mwafrika hakuruhusiwa na sheria kununua bia ya chupa. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kizazi kizima kiliiona "bia yangu" ikipita kwenye gari.

Mwafrika wa Nairobi alitengewa kitu kingine. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1920, serikali ya mji ilipokuwa ikiwahamishia watu Pumwani, iliiga mtindo wa Durban: pombe ya kienyeji ingeuzwa na manispaa peke yake, kwenye ukumbi wake, na faida ingegharamia huduma za hao hao Waafrika. Yaani unakunywa ili ujijengee mtaa. Na ili mpango huo ulipe, ilibidi wanawake waliokuwa wakipika pombe majumbani mwao wageuke wahalifu. Kabla ya sheria walikuwa wafanyabiashara. Baada ya sheria, mama yule yule, sufuria ile ile, alikuwa mtu wa kuviziwa usiku.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoandika kuhusu bia kwa mtindo wa siku hizi. Wanasema Nairobi imeanza kupata viwanda vidogo, vya mikono, vinavyojali nafaka na maji, na wanatupeleka Westlands, ambako bei ya glasi moja ingewatosha Anko na marafiki zake wawili jioni nzima. Sina ugomvi na bia hizo, nyingine ni tamu. Lakini kiwanda kidogo cha mikono Eastlands kilikuwepo kabla ya baba zao kuzaliwa.

Bibi yangu, mama yake Anko, tulimwita Kukhu. Alikuwa na kimoja Makongeni, chumba kimoja cha nyumba za reli, miaka ya 1970. Alilowesha unga wa mahindi, akauacha uchache siku kadhaa, halafu akaukaanga juu ya bati la pipa lililopondwapondwa, nje, huku akiugeuza kwa koleo mpaka uwe rangi ya udongo. Ni kazi ya mgongo na macho, kwa sababu moshi haukuachi, na ukizubaa kidogo unga unaungua na ladha ya kuungua haifichiki. Kimea cha wimbi alikiotesha mwenyewe kwenye gunia bichi chini ya kitanda. Aliambiwa na wengi anunue cha sokoni, akakataa, akidai cha sokoni kimekaa sana na hakina nguvu. Unga, kimea, maji, siku mbili tatu, kisha kuchuja. Kijijini watu wangekizunguka chungu kimoja na mirija mirefu. Makongeni hakukuwa na nafasi ya kuzunguka chungu, kwa hivyo alipima kwa mkebe wa Kasuku. Wateja wake walijua tofauti ya busaa yake na ya jirani wa mlango wa nne, na walibishana juu yake kama vile watu wanavyobishana sasa juu ya hops. Huyo alikuwa fundi, mwenye jina, mwenye watu wake waaminifu.

Alikamatwa mara tatu. Mara ya pili askari walimwaga pipa zima mlangoni na Anko, akiwa na miaka kumi hivi, akaambiwa asafishe. Hakuna aliyekuja na mkoba kumpa ofa. Tunaposema kampuni kubwa imenunua ndogo, angalau kuna bei, kuna sahihi, kuna mtu aliyeondoka na kitu. Soko la Kukhu lilichukuliwa bila risiti.

Linganisha na London. Asahi huyu huyu, mwaka 2016, AB InBev ilipokuwa ikiimeza SABMiller, alinunua mabaki yaliyolazimika kuuzwa, yakiwemo Peroni, Grolsch, na Meantime, kiwanda kilichoanzishwa Greenwich mwaka 1999 na kupata wapenzi wake hasa kwa sababu kilikuwa kidogo. Mwaka 2019 akachukua biashara ya bia ya Fuller's kwa pauni milioni 250, na ndani yake Dark Star ya Sussex. Kiwanda cha Dark Star kikafungwa mwaka 2022. Cha Meantime kikafungwa 2024, bia ikahamia Chiswick. Majina bado yapo kwenye chupa. Waliolia London walilia kwa mantiki: waliahidiwa udogo, walilipia udogo, kisha udogo ukauzwa. Wa Jericho waliahidiwa nchi.

Na sisi tulishawahi kufundishwa somo hili. Anko ni mmoja wa waliohamia Castle. Mwaka 1998 kampuni ya SAB kutoka Afrika Kusini ilifungua kiwanda Thika, na yeye, kwa ubishi tu, akaacha Tusker. Anasema alichoka kuambiwa mzalendo anakunywa nini. Ilidumu hadi 2002. Wakubwa wakakutana, wakakubaliana: SAB ifunge Thika, East African Breweries ifunge kiwanda chake cha Kibo kule Moshi, na kila mmoja apewe asilimia 20 ya biashara ya bia ya mwenzake, mmoja Kenya, mwingine Tanzania. Watu wakapoteza kazi miji miwili ya nchi mbili. Castle ikaendelea kuuzwa Nairobi, ila sasa ilikuwa inapikwa na wale wale aliowakimbia. Anko aligundua kwa kusoma lebo, maana yeye husoma lebo. Anasimulia akicheka, lakini hajawahi kusema "bia yangu" tena. Husema "ile ninakunywa".

Kwa hivyo ningeweza kumaliza kwa kusema Anko ni mjanja na wale wa meza ya pili ni wajinga. Rafiki yangu mmoja aliposikia hadithi hii alihitimisha hivyo: mnywaji wa Eastlands hana uaminifu, ana mfuko tu. Nilikubaliana naye kwa siku mbili hivi. Halafu nikakumbuka swali la Anko linatoka wapi.

Novemba 2000 kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi, wengi Mukuru. Mmoja alikuwa fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi na Anko, mtu wa Tusker kabisa, ila mwezi huo kazi ilikuwa imekauka. Mwaka 2004 ikaja Senator Keg, ambayo serikali iliiondolea ushuru makusudi ili mtu wa aina hiyo apate cha kunywa kisichomuua. Mtaani tukaiita Obama, kwa ajili ya yule seneta. Mwaka 2013 serikali ikaurudisha nusu ya ushuru, bei ikaruka, vilabu vya keg vikabaki vitupu. Waliotoka hawakwenda nyumbani kunywa chai. Mei 2014 pombe yenye sumu ikaua makumi ya watu kaunti kadhaa kwa mkupuo mmoja. Baadaye ushuru ukapunguzwa tena.

"Bei inapanda?" Nilidhani ni swali la mtu asiyejali. Ni swali la mtu anayehesabu nani kati ya wale walioketi naye atakuwa wa kwanza kuhama, na atahamia kwa nani. Uaminifu wa Anko upo, ila hauelekei Ruaraka, London wala Tokyo. Unaelekea kona ile na wazee wanne wanaokaa pale, na kampuni yoyote inayoweka magi mezani kwa bei wanayoiweza itapewa nafasi, bila kupewa moyo. Wale wa meza ya pili nao siwezi kuwacheka tena. Walitoa moyo, kwa sababu mstari ulikuwa mzuri, na hakuna aliyewahi kuwapa mstari mwingine mzuri kiasi hicho kuhusu nchi yao. Hilo ni deni la waandishi, na najihesabu humo.

Nilimuuliza Anko, wiki iliyopita, kama Wajapani wangemkuta Kukhu wangemlipa pesa ngapi kwa ile busaa. Hakucheka kama nilivyotarajia. Alinyamaza kidogo, akasema wangetaka kujua siri ya kimea, na Kukhu asingewaambia, maana hata yeye mwanawe hakuambiwa. Alijaribu kupika mara moja, mwaka aliofariki. Unga uliungua.

Mkebe wake mmoja wa Kasuku uko kwangu. Naweka vibanio vya nguo.