Kusimama Getini

Mtoro huaga nyumbani asubuhi na kuishia kwingine. Mtoto anayekataa shule hafichi kitu: tumbo linamuuma kitandani, mama anajua, na ikifika saa nne limepona. Nchini Marekani, Adelaide Johnson na wenzake waliiandika hofu hii ya shule mwaka 1941. Wengi wetu bado tunaitibu kwa kiboko.

Fundi wa kutibu hofu hii hamharakishi mtoto arudi darasani. Kwanza anatafuta mtoto anakimbia nini, au nyumbani kuna nini kinachomshika. Mwanasaikolojia Christopher Kearney alizigawa sababu katika mafungu manne: kukwepa kinachotisha shuleni, kukwepa watu na mitihani, kumtaka mzazi karibu, na kufuata raha za nje. Ukitembea Kimironko, mtaa wa Kigali nchini Rwanda, unaweza kuzipa sura. Mmoja anaogopa kusoma kwa sauti kwa Kiingereza, lugha ambayo serikali iliamua mwaka 2008 ichukue nafasi ya Kifaransa shuleni, na ambayo huenda nyumbani kwao haisemwi. Mwingine mama yake anauza nyanya sokoni, na pale mezani kuna mandazi na gumzo. Wa tatu habanduki nyumbani kwa sababu kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, mama huzidiwa, naye amejipa kazi ya kumlinda. Tiba yake huyu inaanza kwa mama.

Yule wa Kiingereza hujengewa ngazi, akipima mwenyewe hofu ya kila kidato, kuanzia 0 hadi 10. Jumapili anavaa sare sebuleni. Siku nyingine anatembea hadi kituo cha mabasi, kisha getini shule ikiwa imefungwa, kisha siku ya masomo. Baadaye anasoma sentensi moja mbele ya rafiki mmoja. Lakini ikiwa kuna anayempiga huko darasani, ngazi ni ukatili. Shule itengenezwe kwanza.

Pale getini ndipo ninapovua kofia. Moyo wa mtoto unadunda, na kila mtu mwema angemrudisha nyumbani. Fundi hamrudishi wala hamsukumi. Wanasimama. Pikipiki zinapita na abiria wao wenye kofia ngumu. Ilikuwa 8, sasa je? Bado 8. Wanasimama tena. Ikishuka hadi 4, wanaondoka. Wangeondoka ikiwa 8, mwili ungejifunza kuwa kukimbia ndiko kuliko salama. Kukaa kimya muda wote huo si jambo dogo. Mimi ningekuwa nimeshatoa hotuba mbili.

Mtoto akizoea, fundi anabaki hatua kumi nyuma, kisha ng'ambo ya barabara, kisha haji. Ila mwaka wa shule Rwanda huanza Septemba, na likizo ndefu hurudisha hofu, kwa hiyo kabla ya shule kufunguliwa anamwita tena, wavae sare, wapite getini.