Ujuzi Huzeeka Angani

Wahenga walituachia neno kwamba ujuzi hauzeeki. Kwa fundi cherehani na mpishi wa pilau, nakubali. Kwa rubani, neno hilo linaweza kuua, kwa maana ujuzi wake huchakaa kimyakimya huku cheti kikiwa kipya mfukoni.

Marekani, cheti cha urubani hakina tarehe ya mwisho. Sheria inamtaka mwenye nacho akutane na mkufunzi kila miezi 24: angalau saa 1 ya mafunzo ardhini na saa 1 angani. Basi. Hata kufeli hakuna. Mkufunzi asiporidhika, hatii sahihi, na mazoezi yanaendelea. Nisiwacheke lakini. Mimi nilitahiniwa udereva mara moja, na tangu hapo sijaulizwa na mtu kama bado najua kuondoa gari mlimani.

Rubani wa shirika kubwa hana hiari. Mwajiri humrudisha darasani atake asitake. Ninaowavulia kofia ni wale wenye kindege cha injini moja na kazi nyingine ya kuwalisha, wanaojirudisha wenyewe. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, ina mpango wa hiari uitwao WINGS, yaani mabawa, wa masomo na safari za mazoezi. Anayekamilisha hatua yake huhesabiwa ametimiza na lile sharti la miezi 24. Lakini sharti si kitu. Kitu ni kukubali kuaibika mbele ya mkufunzi.

Maana aibu ipo. Mko juu ya mashamba, mnazungumza habari za mvua, mara mkufunzi anapunguza nguvu ya injini mpaka inabaki kunguruma kidogo tu. "Imezimika. Unafanyaje?" Ardhi inapopanda, mkono wa binadamu hutaka kuvuta usukani ili pua iinuke. Ukivuta sana mwendo unakwisha, mabawa yanaacha kubeba, ndege inaanguka. Inatakiwa kinyume chake: kushusha pua kuelekea ardhi ileile unayoiogopa, ushike mwendo wa kunyiririka, kisha utafute uwanja. Jambo hilo hueleweka kwa dakika moja. Mkono ndio mgumu kuelewa, na ukishaelewa husahau, ukafunzwa tena.

Hata kwenye mashirika makubwa wapo wanaojifunza bila kutumwa. Tarehe 12 Agosti 1985 ndege ya Japan Airlines ilipoteza haidroliki yote, ile nguvu ya mafuta inayosukuma viongozeo vya ndege. Walikufa watu 520. Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani katika shirika la United, hakuliacha jambo hilo lipite. Aliingia kwenye simuleta, mtambo unaoigiza ndege, akajaribu kuiongoza kwa nguvu za injini peke yake: ongeza huku, punguza kule. Udadisi wake ndio uliomtuma.

Tarehe 19 Julai 1989 alikuwa abiria kwenye DC-10 ya United iliyotoka Denver kwenda Chicago. Injini ya mkiani ikapasuka, vipande vyake vikakata mifumo yote mitatu ya haidroliki. Fitch akajitolea kusaidia. Kapteni Al Haynes, ambaye hakuwa mtu wa kuona haya kusaidiwa, akamkabidhi vishikizo vya injini mbili zilizobaki. Fitch akapiga magoti kati ya viti vya marubani, mkono huku na mkono kule. Ndege ilikuwa ikipanda na kushuka kama jahazi kwenye mawimbi makubwa, naye alilazimika kuongeza nguvu kabla haijaanza kuzama, si baada yake. Tangu mlipuko hadi kugusa ardhi Sioux City, Iowa, zilipita dakika 44.

Haikuwa kutua kwa kupigiwa makofi. Bawa la kulia liligonga njia ya kurukia, ndege ikavunjika, ikawaka moto, sehemu yake ikaishia shamba la mahindi. Baadaye marubani wengine waliwekwa kwenye simuleta wakakabiliane na hali ileile, na wachunguzi wakahitimisha kwamba kutua salama namna hiyo hakuwezekani. Ndani ya ndege ya Haynes na Fitch walikuwamo watu 296. Walinusurika 184.