Jangwa Lisilo na Jina: Pumzi na Njaa za Ukambani

Wahakiki wa bunilizi zinazobashiri mustakabali wa Afrika Mashariki aghalabu huanza na Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu. Dunia yake imekauka kufuatia vita vya maji, na watu wamejifungia katika jumuiya ya Maitu, ambamo hata jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anatoroka na mche na kuunywesha maji yake ya mwisho. Mwili wake ndio kivuli cha kwanza cha mche huo.

Usawiri huu una nguvu, hasa katika tone la jasho lenye thamani kuliko maneno. Walakini uko nje ya kuta. Jangwa analolivuka Asha halina jina, wala halina aliyewahi kuzikwa humo. Msomaji wa Kitui au Makueni atalishangaa, kwa kuwa Ukambani njaa hupewa jina, na jina lenyewe ni hadithi. Ile ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika: fedha zimo mkononi, chakula cha kununua hakipo. Jina hilo halilalamikii mbingu tu. Linalinyoshea kidole soko. Mwaka 2004 janga liliingia ghalani kwenyewe: mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mbunifu gani angethubutu kuibuni njaa ambayo chakula chake ndicho kinachoua?

Maji nayo yana masimulizi tofauti. Katika Maitu hugawiwa kwa kipimo. Kitui hufukuliwa chini ya mchanga wa mto uliokauka. Huko ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko yakaleta mchanga, nao mchanga ukahifadhi maji. Kazi hiyo ni ya mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana. Haihitaji shahidi.

Yawezekana kujibu kwamba utawala wa Maitu hauruhusu mwethya. Ni kweli, lakini mwethya tayari umechungulia filamuni: Asha anamgawia maji mwanamke msafishaji wa msalani, naye baadaye anamsaidia kutoroka. Hapo palikuwa na hadithi nyingine. Filamu inamwacha mwanamke huyo nyuma, mikononi mwa walinzi, ikamfuata Asha peke yake jangwani.