Umaarufu si kipimo cha nani aandikwe katika kamusi elezo

MWANAFUNZI wangu mmoja aliniletea rasimu ya ingizo alilotaka kulipandisha katika kamusi elezo ya mtandaoni. Lilimhusu Michael Werikhe, mhifadhi wa vifaru kutoka Mombasa. Wenzake darasani walikuwa wameshamvunja moyo. “Huyo hana umaarufu,” walimwambia. “Sisi wenyewe hatumjui, nani atamsoma?”

Kosa, kwa maoni yangu, limeanzia kwenye neno. Umaarufu ndilo tulilozoea darasani kufasiri kigezo cha kuamua nani aingie katika kamusi elezo na nani aachwe. Maarufu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa arifu, taarifa na maarifa. Maarufu ni anayejulikana, basi. Lakini kigezo chenyewe hakiulizi kama mtu anajulikana. Kinauliza kama vyanzo vya kuaminika, visivyofungamana naye, vimemwandika kwa kina. Mzee anayelinda msitu wa kaya kule Kilifi anaweza kujulikana na kila mtoto kijijini, maarufu hasa, ila hajaandikwa popote. Kwa kigezo hiki ataachwa nje. Werikhe naye, ambaye darasa zima halimjui, anapita.

Anapitaje? Aliwahi kufanya kazi katika ghala la serikali la pembe za ndovu na za vifaru, akashuhudia kwa macho yake ukubwa wa maangamizi. Mwaka 1982 alitembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi, akiwa na chatu wake, kuwaeleza watu masaibu ya vifaru. Baadaye alitembea Afrika Mashariki, Ulaya na Amerika Kaskazini akichangisha fedha. Wakati huo vifaru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 hivi mwaka 1970, walikuwa wamepungua hadi chini ya 400. Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa washindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Alifariki 1999 baada ya kuvamiwa na majambazi Mombasa.

Hata hivyo, kigezo hiki nacho kina kasoro. Je, Werikhe wa 1983, kabla ya tuzo, angepita? Sina hakika, na safari ilikuwa ile ile, miguu ile ile. Mwaka 2018 rasimu kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza, eti vyanzo havikutosha. Miezi michache baadaye alishinda Tuzo ya Nobel! Kazi yake ilikuwapo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni waandishi wa kumwandika.

Ndiyo maana napendekeza tuseme ustahiki. Neno hili lina haki ndani yake, kwa mzizi na kwa maana, na linamlazimu mhariri kuuliza mtu alifanya nini na ushahidi uko wapi, badala ya kuhesabu wanaomjua. Najua wapo watakaosema linafanana mno na ustahili. Sawa, lakini afadhali utata huo mdogo kuliko neno linalompotosha msomaji tangu mwanzo.

Rasimu yenyewe haikukosa dosari. Sentensi ya kwanza ilimwita Werikhe “shujaa shupavu asiye na kifani”. Hiyo ni lugha ya tanzia, si ya kamusi elezo. Nilimwambia afute sifa zote tatu, aweke mahali pake mwaka na masafa.

Jambo lililonikera zaidi lilikuwa chini ya ukurasa. Vyanzo vyote alivyotaja vilikuwa vya Kiingereza. Mtu wa Mombasa, jamani! Nimemtuma maktabani akapekue magazeti ya Kiswahili ya Desemba 1982 na Januari 1983. Ingizo litasubiri hadi arudi.