Paa Lililofungwa kwa Kamba

Ukisimama nje ya nyumba za Ogimachi, kijiji cha Shirakawa katika milima ya Japani, macho huvutwa na paa: nyasi nene zilizoinuka kwa digrii kama 60, pande mbili zikikutana juu mithili ya viganja vya mtu anayeomba. Ndiyo maana zikaitwa gassho. Theluji ya huku hupita kimo cha mtu, na paa la kulala lingeelemewa. Mwaka 1995 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia, na wageni humiminika kupiga picha kwa mbali. Uzuri wenyewe, kwangu mimi, uko darini.

Panda ngazi, upite walipokuwa wakifugia viwavi wa hariri, kisha uinue macho. Makombamoyo yamekuwa meusi kwa moshi wa meko ya chini, na hakuna hata moja lililopigiliwa msumari. Yamefungwa. Pengine kwa kamba za majani ya mpunga, pengine kwa neso, vijiti vya mti uitwao mansaku vinavyosokotwa vikiwa vibichi. Kadiri vinavyokauka ndivyo vinavyobana. Niligusa fundo moja: gumu kama mfupa, lakini kidole kiliweza kufuata kila mzunguko wa mkono uliolifunga. Miguu ya makombamoyo makubwa imechongwa ncha ikakaa katika matundu ya boriti, ili upepo ukisukuma, paa liyumbe kidogo lisivunjike. Fundi aliyewaza hivyo alimjua vyema adui yake.

Nyasi hudumu miaka 30 hadi 40. Siku hizi mafundi wa kulipwa hufanya sehemu kubwa ya kazi, ila desturi ya yui, ambayo wazee wetu wangeiita ujima, ingalipo: watu zaidi ya 100 hupanda paa moja, na upande mzima huezekwa kwa siku moja. Aliye juu huchoma nyasi kwa sindano ndefu ya mti yenye kamba. Aliye ndani, gizani, huipokea, huizungusha kwenye ufito, huirudisha. Hawaonani, huitana tu kupitia nyasi. Na kijana anayepokea sindano leo, paa hilo likiezuliwa tena, atakuwa na mvi, amesimama chini akielekeza wapi pakazwe.